Ulimwengu ulikusudiwa au ulitokea tu? Tuijadili kaboni kwanza

Falaki_Tabora (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mjadala wa kama ulimwengu ulikusudiwa au ulitokea tu unarudi humu kila baada ya muda, na kila ukirudi unaishia palepale. Upande mmoja unasema hakuna kitu kinachojitengeneza, tazama jicho, tazama moyo, saa haiwezi kujiunda. Upande wa pili unajibu kwamba yote ni bahati, sayansi imeshamaliza kesi. Mimi ni muumini na nafundisha fizikia sekondari. Inaniuma kuona vijana wakisoma humu na kuondoka wakidhani hayo mawili ndiyo majibu yote yaliyopo duniani. Kwa hiyo naleta mfano mmoja ninaoujua vizuri, na naomba tuukalie huohuo mpaka tuuelewe, ndipo turukie mengine.

Mfano ni kaboni. Karibu asilimia 18 ya uzito wa mwili wako ni kaboni. Protini, mafuta, sukari, DNA, vyote vimejengwa juu yake, maana hakuna elementi nyingine inayoshikana na wenzake kwa namna nyingi hivyo. Bila kaboni hakuna nyasi, hakuna ng'ombe, hakuna mtu wa kuanzisha uzi.

Sasa, ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, kaboni haikuwepo. Dakika chache za mwanzo zilitoa hidrojeni na heliamu, kwa uzito robo tatu kwa robo, pamoja na lithiamu kidogo sana. Basi. Mengine karibu yote ilibidi yapikwe baadaye ndani ya nyota, na hapo ndipo wanafizikia walipokwama. Kiini cha heliamu kina chembe 4 (protoni mbili na nyutroni mbili). Ukikiongezea protoni moja unapata 5, na hakuna kiini cha 5 kinachodumu. Ukigonganisha heliamu mbili unapata 8, yaani beriliamu-8, nayo inasambaratika baada ya sekunde 0.00000000000000008 hivi. Kaboni ni 12. Njia inakatika kabla hujaifikia.

Mwaka 1952 Edwin Salpeter alionyesha kwamba katika kiini cha nyota chenye joto la digrii milioni 100 hivi, beriliamu-8 huwa ipo kidogo wakati wote, kwa kuwa inatengenezwa upya kwa kasi ileile inayokufa nayo. Heliamu ya tatu ikiiwahi kabla haijavunjika, kaboni inapatikana. Wazo zuri, ila ukipiga hesabu kaboni inakuwa kidogo mno kulinganisha na ile tunayoiona angani.

Fred Hoyle, mwanafalaki wa Cambridge, akaliangalia jambo kwa upande wa pili. Kiini cha atomu hakishiki nishati yoyote ile, kina ngazi zake, na kati ya ngazi na ngazi hakuna pa kusimama. Viini viwili vikigongana na jumla ya nishati yao ikaangukia kwenye ngazi ya kiini kipya, huungana kwa wepesi mkubwa kupita kawaida. Hoyle akasema: kaboni ipo tele, kwa hiyo lazima kaboni-12 ina ngazi juu kidogo ya nishati ya beriliamu na heliamu zikijumlishwa. Mwanzoni mwa 1953, akiwa Caltech kule California, akaenda kwa William Fowler kwenye maabara ya Kellogg kuwaomba watu wa nyuklia waitafute ngazi hiyo. Mtu wa nyota anawaambia watu wa nyuklia kilichomo ndani ya kiini! Kikundi cha Ward Whaling kikapima. Kikaikuta. Leo tunaiandika elektroni-volti milioni 7.65 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo), na jumla ya beriliamu na heliamu ni 7.37, tofauti hiyo ndogo inajazwa na joto la nyota.

Halafu kuna sehemu ya pili ambayo watu huisahau, na mimi ndiyo inayonishika zaidi. Kaboni ikishapatikana, heliamu nyingine inaweza kuigonga ikawa oksijeni. Je, oksijeni-16 nayo ina ngazi ya kuirahisishia kazi? Inayo moja kwenye 7.12, wakati jumla ya kaboni na heliamu ni 7.16. Ngazi imekaa chini kwa nywele, na joto la nyota linaongeza nishati, haliwezi kuipunguza. Kwa hiyo kaboni haimezwi yote, na oksijeni nayo inapatikana ya kutosha. Tunahitaji zote mbili, na zote mbili zipo.

Hoyle hakuwa mtu wa dini. Lakini kufikia mwaka 1981 alikuwa ameandika waziwazi kwamba ukizisoma hizi ngazi kwa akili ya kawaida, inaonekana kuna akili kubwa iliyozishika kanuni za fizikia kwa mkono wake.

Kuna mambo mawili nataka kuyasema juu ya hili.

La kwanza nawaambia wanaosema ni bahati. Katika simulizi yote hii, nioneshe mahali mwanasayansi aliposema kaboni ilitokea ovyo. Hoyle aliweza kutabiri ngazi ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika nayo kwa sababu ulimwengu una utaratibu. Penye ovyo huwezi kutabiri.

La pili nawaambia waumini wenzangu, na najua halitawapendeza. Kaboni si uthibitisho kwamba kuna aliyekusudia. Mwaka 1989 Mario Livio na wenzake waliisogeza ile ngazi kwenye hesabu zao, wakaipandisha kwa 0.06, na kiasi cha kaboni hakikubadilika kwa maana. Kwa hiyo haikai kwenye ncha ya sindano kama inavyohubiriwa. Tena ngazi ile haijasimama peke yake kana kwamba kuna mtu aliiweka kwa mkono. Mwaka 2011 Evgeny Epelbaum na wenzake waliipata kwa kuanzia kwenye nguvu zilizomo ndani ya kiini, bila kuichomeka. Inatoka humo yenyewe. Na mwanahistoria Helge Kragh amepekua maandishi ya 1953 na kuonyesha kwamba wakati ule Hoyle hakuwa akiwaza uhai hata kidogo, alikuwa akiwaza nyota. Habari ya uhai ilishonewa baadaye.

Kinachobaki, kwa maoni yangu, ni swali moja lililo chini ya yote. Nguvu hizo zenye ukubwa huo na kanuni hizo, kwa nini ndizo? Hapo ndipo ninapoomba mchango wenu.

Nawasilisha.

---

Mgeni_Bukoba

Nimeweka kambi. Nyuzi za namna hii zimekuwa adimu.

---

NjeYaSanduku

Mwalimu, mimi siamini, na nakupongeza kwa kuwa mkweli na upande wako mwenyewe. Sasa niruhusu nikubane.

Umesema swali linalobaki ni kwa nini kanuni ni hizi. David Hume, Mskoti, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1779 baada ya kifo chake, aliuliza jambo ambalo sijaona muumini akilijibu. Ukiona nyumba unajua ina fundi kwa sababu umewahi kuona nyumba nyingi zikijengwa na mafundi. Ulimwengu umeuona mmoja tu, na hukuwepo ukianza. Unalinganisha na nini? Ukiniambia namba fulani ya fizikia ina uwezekano mdogo, nami nauliza: mdogo kati ya zipi? Nani amekupa orodha ya namba zilizokuwa zinawezekana, na uzito wa kila moja? Hakuna anayeijua. Mtu akisema uwezekano ni moja kwa trilioni amejitungia.

Halafu kuhusu jicho na saa, nafurahi umeviweka pembeni, ila ningependa wasomaji waelewe kwa nini viliwekwa pembeni. William Paley alileta hoja ya saa mwaka 1802. Darwin mwenyewe aliisoma akiwa mwanafunzi Cambridge na akaipenda. Kisha mwaka 1859 akaonyesha jinsi viumbe vinavyoweza kupata umbo lenye kufaa bila fundi: tofauti ndogondogo zinazorithiwa, na mazingira yanayochuja kizazi baada ya kizazi. Na alama za historia hiyo zimebaki miilini. Mchukue twiga wetu. Kuna neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye kikoromeo. Ingekuwa safari ya sentimita chache. Badala yake inashuka shingo yote mpaka kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha inapanda tena shingo yote kurudi juu. Mita kadhaa za bure. Kwa samaki, ambako mpango huo ulianzia, neva ile ilikuwa inapita njia fupi kabisa. Shingo ilipoonekana na kurefuka, neva ikavutwa nayo. Fundi angeikata na kuiunga upya. Urithi hauwezi kufanya hivyo.

Kwa hiyo historia inaonyesha mtindo mmoja: mahali mlipomweka Mungu kwa sababu ya kutojua, ujuzi ulipofika akahamishwa. Jicho limekwenda. Kaboni umeiondoa mwenyewe leo. Umebakiwa na "kwa nini kanuni". Nayo ikijibiwa je?

---

Mchungaji wa Mlimani

Bwana asifiwe ndugu zangu.

Mwalimu, nimekusoma kwa makini lakini nimehuzunika. Warumi 1:20 inasema mambo ya Mungu yasiyoonekana yanaonekana wazi kwa kazi zake. Wewe umepewa ushahidi mkononi halafu unawarudishia wapinzani. Huyohuyo Hoyle uliyemtaja ndiye aliyesema uhai kutokea wenyewe ni sawa na kimbunga kupita kwenye dampo la vyuma na kuacha ndege aina ya Boeing 747 imekamilika. Mbona hilo umelificha?

---

Falaki_Tabora

Mchungaji, amina. Sijalificha, na nakushukuru umelileta, kwa sababu ni hoja ninayoiona ikiwadhuru vijana wetu.

Ile hesabu ya kimbunga inachukulia kwamba molekuli kubwa ya uhai ilibidi ijikusanye kwa mpigo mmoja, kutoka kwenye vipande vilivyotawanyika, bila hatua za katikati. Hakuna anayefanya kazi ya chanzo cha uhai anayedai hivyo. Vyuma vya dampo havina tabia ya kushikana, molekuli zinayo. Ndege haizai, na haina mtoto anayefanana nayo kwa tofauti kidogo. Hoyle alikuwa mkubwa kwenye nyota. Kwenye biolojia aliteleza, na si huko tu, maana aliikataa nadharia ya Mlipuko Mkuu mpaka anafariki mwaka 2001, ingawa jina hilo alilitoa yeye mwenyewe kwenye redio ya BBC mwaka 1949. Kijana akienda chuo kikuu na silaha hiyo, mhadhiri wa kwanza atamnyang'anya, na kijana atadhani amenyang'anywa Mungu. Nimewaona vijana wa namna hiyo, Mchungaji. Wengine hawarudi kanisani tena.

Kuna mfano wa padri katika jambo hili ambao naupenda sana. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipata upadri mwaka 1923, na mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unatanuka, miaka miwili kabla Edwin Hubble hajachapisha vipimo vyake vilivyokuja kujulikana duniani. Mwaka 1931 akaenda mbele zaidi na kusema ulimwengu wote ulikuwa na mwanzo, kama atomu moja ya asili. Mwaka 1951 Papa Pius XII akahutubia wanasayansi na kuonyesha kwamba matokeo haya yanashuhudia uumbaji. Ungetegemea padri afurahi. Hakufurahi. Alitaka nadharia yake ipimwe kama fizikia, ikianguka ianguke kama fizikia, na imani isifungwe nayo mguu mmoja. Padri yule alikuwa anasali kila siku, na hakuona haja ya kuulinda utukufu wa Mungu kwa mlinganyo.

Ndugu NjeYaSanduku, hoja yako kwamba hatuna orodha ya namba zilizowezekana naikubali. Nimewahi kuwasikia wahubiri wakitaja uwezekano wenye sifuri nyingi na sijui wanazitoa wapi. Ila kuna jibu moja la upande wako ambalo hukulitumia lakini najua linakuja, na ni afadhali nilikute njiani: kwamba tusishangae kuona ulimwengu unaotufaa, maana usiotufaa tusingekuwepo kuuona. Mwanafalsafa wa Canada, John Leslie, alilijibu hivi: umefungwa macho mbele ya kikosi cha bunduki 50, wote wanafyatua, wote wanakukosa. Ni kweli kwamba usingekuwa hai usingejiuliza. Lakini ukiwa hai, bado una haki kamili ya kuuliza kwa nini wote wamekosa.

Na lile la Mungu kuhamishwa kila ujuzi ukifika, ni kweli kwa yule Mungu aliyewekwa kwenye mapengo. Mimi namwamini wa pale penye ujuzi. Pale ngazi ya 7.65 ilipoeleweka imetoka wapi, mshangao wangu haukupungua. Ulihamia kwenye nguvu zenyewe.

---

Ibn_Shela

Assalaam alaykum nyote. Mimi niko Lamu, na nimefurahi kuona mjadala umefika kwenye swali la "kwa nini hizi na si nyingine", kwa sababu hili ni swali kongwe kwetu na wanazuoni wetu walilichambua vizuri kabla ya Paley na Hume.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwabana wanafalsafa waliosema ulimwengu umetoka kwa Mungu kwa lazima, kama nuru inavyotoka kwenye jua, na kwamba haungeweza kuwa vinginevyo. Akawaambia: mbingu mnazosema zinazunguka kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa nini si magharibi kwenda mashariki? Utaratibu ungekuwa uleule. Ulimwengu ungeweza kuwa mkubwa kidogo au mdogo kidogo. Hakuna kilicholazimisha. Basi kuna aliyechagua. Wakamjibu: hakuna achaguaye kati ya vitu viwili vilivyo sawa kabisa. Akawapa mfano wa mtu mwenye njaa aliyewekewa tende mbili zinazofanana kwa kila hali, na hawezi kuzichukua zote. Je, atakufa na njaa akizitazama? Atachukua moja. Mapenzi, akasema, ni ile sifa ambayo kazi yake ni kutenga kitu na mwenzake aliye sawa naye.

Ukimsoma sasa, baada ya habari za ngazi na nguvu, utaona anazungumza jambo lilelile la mwalimu. Namba za fizikia, kwa kadiri tunavyoona, zingeweza kuwa nyingine. Hakuna hesabu inayozilazimisha. Kwa hiyo mimi nasema zimetengwa.

Uadilifu unataka nitaje kwamba Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, hakukubali. Alisema yule mtu hachagui tende hii dhidi ya ile. Anachagua kula dhidi ya kutokula, na yoyote atakayoishika inatimiza haja. Nimeyasoma majibu yote mawili kwa miaka mingi, na moyo wangu uko kwa al-Ghazali.

---

NjeYaSanduku

Shehe Ibn_Shela, wa alaykum salaam. Hilo sikulijua, na nimelisoma mara mbili. Lakini ngoja nikuulize kwa heshima. Al-Ghazali anasema mapenzi yalitenga moja kati ya mawili yaliyo sawa, bila sababu ndani ya vitu vyenyewe. Kama hakuna sababu ya hii kuchukuliwa badala ya ile, hayo mapenzi yanatofautianaje na nasibu? Mimi nikisema "imetokea hivi bila sababu" mnaniambia haitoshi. Nyinyi mkisema "Amechagua hivi bila sababu" mnasema imetosha. Naona tumefika mahali pamoja, mmoja wetu ameongeza jina.

---

Ibn_Shela

Swali hilo ni zito na sitalikimbia.

Tofauti naiona hapa. Nasibu haijui ilichotoa. Mwenye mapenzi anajua anachokitoa hata kama angeweza kutoa kingine. Zile tende mbili ni sawa kwa tumbo la mwenye njaa. Lakini ulimwengu wenye kaboni na usio na kaboni si sawa. Mmoja una wa kumjua Mola wake na mwingine hauna. Basi katika jambo letu kuna hikima, si kutenga tupu. Mfano wa tende ulikuwa wa kuwajibu wale waliosema kuchagua hakuwezekani kabisa. Haukuwa maelezo ya kwa nini Allah aliumba hivi.

Nakubali kwamba kwako wewe usiyeamini, hikima hiyo ni dai linalohitaji ushahidi mwingine nje ya fizikia. Mimi ninao kwa njia ya wahyi, yaani ufunuo. Wewe huna, na sikulaumu kwa kutouona kwenye namba ya 7.65.

---

DadaRungwe

Samahanini, nasoma uuguzi na fizikia niliiachia kidato cha nne. Nauliza kwa mwalimu: nimesikia wanasema kuna ulimwengu mwingi, kila mmoja na kanuni zake, na sisi tumo katika ule uliotufaa. Ni sayansi au ni njia ya kumkwepa Mungu?

---

Falaki_Tabora

Dada, ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba ni sayansi iliyoko mbali na vipimo. Haikuanzishwa kumkwepa mtu. Ilijitokeza yenyewe ndani ya nadharia ya mfumuko wa mwanzo wa ulimwengu, yaani kwamba mwanzoni kabisa ulitanuka ghafla kwa kasi kubwa mno, ile ya Alan Guth mwaka 1981 na walioiendeleza kama Andrei Linde. Kwenye matoleo mengi ya hesabu zile, mfumuko ukishaanza hauishi kila mahali kwa wakati mmoja, na kila unapoishia panazaliwa ulimwengu.

Mfano wake wenye nguvu ni ile nishati ya anga tupu inayosukuma ulimwengu utanuke. Ukiikadiria kwa fizikia ya chembe unapata jibu lililozidi kipimo halisi kwa takriban 1 yenye sifuri 120 mbele yake. Mwaka 1987 Steven Weinberg, ambaye hakuwa muumini, alihoji hivi: ingekuwa kubwa, galaksi zisingeweza kujikusanya, basi tukiwepo lazima tuikute ndogo, lakini hakuna sababu iwe sifuri kabisa. Mwaka 1998 makundi mawili yaliyopima nyota zinazolipuka mbali sana yakakuta utanuzi unaongeza kasi. Nishati ile ipo, ndogo, na si sifuri. Nakiri hiyo ni kazi nzito na muumini hapaswi kuipita haraka.

Shida yangu nayo ni moja. Ulimwengu mwingi unahitaji kanuni ya kuuzalisha, yaani ule mfumuko wenyewe na hesabu za kwanta (fizikia ya chembe ndogo kabisa) zilizo chini yake. Swali la "kwa nini kanuni hizi" limepanda ngazi moja juu, na bado liko hai.

---

NjeYaSanduku

Na Mungu naye analipandisha ngazi moja tu, mwalimu. Kwa nini Mungu huyu, mwenye mapenzi haya?

Sidai ninalo jibu. Nasema kwamba kila mtu ana mahali anaposimama na kusema "hapa ndipo chini kabisa". Wewe unasimama kwa Mungu, mimi nasimama kwenye kanuni. Ninachokataa ni mtu kudai kwamba pangu ni "bahati" na pake ni "akili".

---

Falaki_Tabora

Hilo nalikubali bila masharti, na ndiyo sababu nilifungua uzi. Mimi nasimama kwa Mungu kwa sababu utaratibu unaoeleweka na akili unanifanya nitarajie akili nyuma yake. Hiyo ni sababu ya kutarajia, haijafika kuwa uthibitisho. Wewe ukisema kanuni zinatosha, sikuoni mjinga.

---

Mchungaji wa Mlimani

Mwalimu, sijakubaliana nawe kwa yote, lakini habari ya yule padri nimeichukua. Nitaitumia kwa vijana wangu Jumapili ijayo, na ile ya kimbunga nitaiacha. Swali langu: kama kila kitu ni kanuni, je, hakuna bahati kabisa katika kutengenezwa kwa hiyo kaboni?

---

Falaki_Tabora

Mchungaji, ipo, tena nyingi, na nilisahau kuieleza mwanzoni.

Heliamu tatu zikishafika kwenye ile ngazi ya 7.65, usidhani kaboni imepatikana. Karibu kila mara kiini kile kinavunjika papo hapo na kurudi kuwa heliamu tatu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika kila mara 10,000, ni kama mara 4 tu ndipo kinapoacha nishati yake na kutulia kuwa kaboni ya kudumu. Na kwa kadiri fizikia ya kwanta inavyosema, huwezi kujua mapema kiini kipi kitatulia na kipi kitavunjika. Hakuna dalili iliyofichwa ndani yake. Hiyo ni nasibu halisi, si kutojua kwetu.

Lakini ndani ya nyota kubwa iliyozeeka migongano hiyo ni mingi kiasi kwamba hizo 4 katika 10,000 zinatosha kujaza kiini chake kaboni, na hakuna nyota ya uzito ule, yenye heliamu ile na joto lile, itakayokosa. Kiini kimojakimoja hakitabiriki. Nyota nzima inatabirika kabisa. Nasibu inafanya kazi, na kanuni inaamua ifanye kazi kwa uwiano gani.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kaboni iliyo mwilini mwake ilikuja kwa bahati au kwa mpango, mwambie kwamba kila atomu yake ilipita kwenye ule mlango wa 4 kwa 10,000, na ukubwa wa mlango wenyewe uliwekwa na nguvu mbili: ile kali ya kiini na ya sumakuumeme, huku nguvu ya mvutano ikiishika nyota isitawanyike. Nani au nini kilichoziweka nguvu hizo hivyo, mimi na NjeYaSanduku bado tunabishana, na uzi uko wazi kwa mwenye la kuongeza.